Gari dogo la mbio kwa kazi ya kila siku Lubumbashi: kwa nini nilichagua wepesi kuliko nguvu

Kwa miezi kumi na minane sasa ninakwenda kazini kwa Suzuki Swift Sport ya mwaka 2007, ya rangi ya manjano, yenye gia za mkono na usukani upande wa kulia. Ninatoka Bel-Air kabla jua halijapanda, ninapita katikati ya mji, kisha ninashika barabara ya Kasapa, na jioni ninarudi njia ileile nikiwa na watoto wawili kiti cha nyuma. Karibu kila wiki mtu hunisimamisha, penye kituo cha mafuta au mbele ya shule, akaniuliza kwa nini nilinunua motokari ya chini namna hii katika mji ambao kila mwenye uwezo anatafuta gari la kukaa juu ya mashimo. Swali lenyewe ni la haki, lakini jibu lake ni refu kuliko muda wa kujaza tangi, na ndiyo sababu ninaliandika hapa.

Ninapenda kuendesha. Ninapenda gia inapoingia mahali pake bila kulazimishwa, usukani unapouambia mkono hali ya lami, na gari linapogeuka pale pale nilipolielekeza bila kuyumba kama jahazi. Nilikuwa na fedha za gari moja tu, na gari hilo lilipaswa kunipeleka kazini, kuwapeleka watoto shuleni na kuleta unga nyumbani. Sikuwa na nafasi ya kuwa na gari la furaha pembeni na gari la kazi uwanjani. Nilitenga dola 6,000, ndani yake nikihesabu bei ya gari, karatasi zake na matengenezo ya kwanza, kwa sababu anayemaliza fedha zote siku ya kununua hujikuta na gari zuri lililosimama.

Magari niliyoyafikiria yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, yenye injini ya lita 2 na turbo, nguvu ya farasi 200. Nililiendesha la rafiki hadi njia ya Kipushi na kurudi, na sina neno baya juu ya namna lilivyoshika barabara. Hata hivyo injini ile ina kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) na pampu ya mafuta yenye shinikizo kubwa; kikombe hicho huliwa taratibu, na kisipokaguliwa kwa wakati huweza kuharibu kamshafti yenyewe. Zile zenye gia za DSG, zinazojibadilisha zenyewe, zinataka oili maalumu ya gia kila kilomita 60,000, pamoja na fundi mwenye kompyuta inayofaa. Mambo hayo si mabaya kwa mtu aliye karibu na duka la vipuri vyake, lakini mimi ningekuwa nikiagiza kila kitu kutoka mbali na kutembea kwa miguu wiki nzima nikisubiri.

La pili lilikuwa Toyota Corolla RunX, aina ya Z, na hilo ndilo lililoniteka moyo kwa miezi miwili. RunX za kawaida ziko nyingi hapa Lubumbashi, na bampa, taa, plaketi za breki na rotili zake (viungo vya magurudumu) hupatikana bila shida. Ila ile ya Z ina injini ya 2ZZ-GE, lita 1.8, farasi 190 bila turbo, injini ileile ambayo Toyota iliitia katika Celica na ambayo Lotus waliichukua kwa ajili ya Elise. Siri yake ni kwamba kamshafti ina nundu za aina mbili: za chini kwa mwendo wa kawaida, na za juu ambazo huanza kazi injini inapokaribia mizunguko 6,000 kwa dakika, na hapo sauti hubadilika na gari hupaa. La tatu lilikuwa Swift Sport, farasi 125 tu, na kusema kweli mwanzoni nililiweka katika orodha ili orodha isiwe fupi.

Kilichobadilisha mawazo yangu ni hesabu niliyoifanya juu ya njia yangu mwenyewe. Kwa wiki moja nilitazama kipima mwendo cha gari la zamani nililokuwa nalo, kila asubuhi na kila jioni. Kati ya nyumbani na kazini nilikuwa nikivuka dodane baada ya dodane, yaani matuta ya barabarani, nikisubiri penye mizunguko ya barabara, nikikwepa mashimo, nikipisha malori, na mara chache sana mwendo ulizidi kilomita 60 kwa saa. Sasa, RunX ile katika gia ya pili, injini ikifika mizunguko 6,000, gari limeshapita kilomita 70 kwa saa. Maana yake ni kwamba sehemu ya injini ambayo ningeilipia, ile nundu ya juu yenye sauti tamu, nisingeisikia kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, labda siku ya kwenda Likasi tu, na hata huko kwa sekunde chache kati ya lori na lori.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu tunalisahau kwa kuwa tumezaliwa nalo: mji wetu uko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Farasi 190 wa kwenye karatasi huwa kama 167 wanapofika Lubumbashi, na farasi 125 wa Swift huwa kama 110. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upotevu huo, na hiyo ni sifa ya kweli ya Golf. Lakini uzito haupungui kwa mwinuko wala hauongezeki. Swift Sport ya kizazi kile, ambayo mafundi huitambua kwa namba ya ZC31S, ina uzito wa karibu kilo 1,060. Golf GTI hupita kilo 1,300. Tofauti hiyo ni kama kubeba watu wazima wanne kila unapopinda kona, kila unapofunga breki mbele ya dodane, kila unapoondoka penye mzunguko. Wepesi unauhisi kwenye kilomita 30 kwa saa. Nguvu inadai barabara iliyo wazi kwanza, na barabara iliyo wazi ndiyo sina.

Hata baada ya hesabu hiyo sikuwa na nguvu ya kuiacha RunX. Nilipopata habari kwamba ipo moja ya mwaka 2003 katika parkingi fulani ya kuuzia magari, nilikwenda siku hiyohiyo, na hapo ndipo nilipopoteza dola 300. Ninaeleza jinsi ilivyokuwa kwa sababu najua wengine watapita penye mlango uleule. Gari lilikuwa safi, limepakwa nta, matairi yameng'arishwa kwa mafuta meusi, na kipima umbali kilionyesha kilomita 84,000. Komisyonere, yaani dalali, kijana mwenye maneno laini, alinifungulia mlango akisema, "Papa, hii imetoka Ujapani juzi, haijaguswa na mtu." Nilipoweka kiganja juu ya kapo (boneti) nilikuta lina joto, nami nilikuwa nimeambiwa kwamba gari halijawashwa tangu jana. Nilisikia onyo hilo ndani yangu, nikalinyamazisha. Injini ikishapata moto haikuonyeshi moshi wake wa asubuhi, wala haikuambii kama inapiga kelele oili inapokuwa bado imetulia chini. Nilitoa avansi, yaani malipo ya awali, ya dola 300 kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nikaahidi kurudi na salio baada ya siku tatu.

Usiku huo nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kutoa hata faranga moja. Nilichukua namba ya chesi na kuitafutia karatasi yake ya mnada. Magari mengi yanayotufikia kutoka Ujapani hupita kwanza katika minada ya wafanyabiashara, na kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi moja yenye alama zake. Karatasi hiyo inaweza kupatikana mtandaoni kwa ada ndogo kwa anayejua namba ya chesi. Niliipata. Alama ya jumla ilikuwa R, yaani gari limewahi kupata ajali ya kugusa mifupa yake na kutengenezwa. Umbali ulioandikwa siku ya mnada ulikuwa kilomita 131,000. Mchoro wa gari ulikuwa na XX kwenye kapo na kwenye bawa la mbele la kulia, maana yake bati hizo zilibadilishwa, na W kwenye mlango, maana yake bati limenyooshwa na mawimbi yake bado yanaonekana. Gari lililotembea kilomita 131,000 likiwa Ujapani lilikuwa linauzwa kwangu likiwa na 84,000, baada ya kuongezewa safari ya kutoka bandarini hadi hapa.

Nilirudi asubuhi na kudai fedha zangu. Niliambiwa kwamba mwenye gari amesafiri, kisha kwamba avansi hairudishwi, kisha simu ikaacha kupokelewa. Iliniuma, na bado inaniuma ninapopita pale na kuona gari lingine limesimama mahali pa lile. Tangu siku hiyo, yeyote anayeniomba ushauri namwambia aombe namba ya chesi kwa simu kabla hajavaa viatu, na muuzaji akikataa kuitoa, safari iishie hapo. Kuna pia cheti kinachotolewa Ujapani gari linapofutwa katika usajili wa kule ili lisafirishwe nje; ndani yake umeandikwa umbali uliosomwa katika ukaguzi. Muuzaji wangu alisema kilipotea mpakani. Inawezekana kweli karatasi ikapotea Kasumbalesa, lakini ni ajabu jinsi karatasi zinazopotea zilivyo zile zenye ukweli.

Ni lazima niseme neno juu ya safari yenyewe, kwa sababu gari la chini huumia njiani kabla mnunuzi hajaliona. Magari mengi ya Ujapani yanayoletwa kwetu hushushwa Dar es Salaam, huvuka Tunduma kuingia Zambia, hupita Kapiri Mposhi na miji ya shaba ya Kitwe na Chingola, hadi Kasumbalesa, na kutoka hapo hubaki kilomita 90 hivi kufika Lubumbashi. Yote kwa pamoja ni karibu kilomita 2,000, na mengi huendeshwa kwa matairi yake na madereva wa njia ambao hulipwa kwa kufika, si kwa kutunza. Gari la juu huvumilia. Gari dogo la mbio, lenye matairi ya ukuta mwembamba na bampa iliyo karibu na ardhi, hugonga tumbo, hupinda janti (rimu), na hufika na springi zilizochoka. Basi alama nzuri ya mnada ya 4 au 4.5 ni habari ya Ujapani tu. Inakwambia gari lilivyoondoka, nawe bado unapaswa kulala chini kuona lilivyofika.

Swift ilinijia kwa njia ya kawaida kabisa. Mwenzangu wa kazini alinipigia simu kwamba jirani yake anahamia Kolwezi na anauza gari lake dogo la manjano, alilolitumia miaka minne. Niliomba namba ya chesi, aliitoa hapohapo. Karatasi ya mnada ilisema 4, ndani B, kilomita 76,000, na mkwaruzo mmoja mdogo, wa A1, kwenye bampa ya nyuma. Kwenye gari kipima umbali kilisoma 121,000, na kwa miaka minne ya kuzunguka mji huu na kwenda Likasi hesabu ilikubali. Nilimwomba asiliwashe kabla sijafika, naye alinisubiri saa moja asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi na kapo limefunikwa kwa umande wa Julai.

Nilikwenda na fundi wangu wa Katuba, mtu mzima ambaye mimi humwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na ambaye hana haraka na gari lolote. Kwanza alisikiliza injini ikiamka kwa baridi, akaweka karatasi nyeupe nyuma ya bomba la moshi, akaiondoa na kuinusa. Injini ya M16A, lita 1.6, inatumia cheni na si mkanda wa kubadilishwa kwa kalenda, hivyo alichotaka kusikia ni kama cheni inapiga makelele sekunde za kwanza kabla oili haijapanda. Haikupiga. Kisha alipandisha gari kwa jeki, akashika tairi la mbele la kushoto juu na chini, akalitikisa. Kulikuwa na mlio mdogo, *tok*, ambao mimi peke yangu nisingeujali.

"Papa, lala chini uone mwenyewe," aliniambia, na kunipa tochi.

Nililala juu ya kipande cha katoni. Mkono wa chini wa chuma unaoshika gurudumu hufungwa kwenye mwili wa gari kwa mipira miwili, ile tunayoiita silambloki. Ule wa nyuma ulikuwa umepasuka kwa umbo la mwezi mwandamo, na Yaya alipoingiza bisibisi na kusukuma taratibu, ufa ulifunguka hadi nikaona mng'ao wa chuma ndani yake. Kando yake, mpira wa kadani (mhimili unaozungusha gurudumu) ulikuwa mkavu na mzima, bila grisi iliyotapakaa. Alinionyesha pia springi: koili zote zilikuwa kamili, ncha yake ya chini imekaa kwenye kiti chake, haijakatwa kwa msumeno. Hilo ni la kuangalia sana katika magari ya aina hii, kwa maana vijana wengine hukata koili ili gari lishuke na kuonekana la mashindano, na gari lililokatwa springi hupiga mwisho wa amotisa (vizuia mtikisiko) kwenye kila dodane mpaka amotisa zinavuja. Bati la chini lilikuwa na mikwaruzo ya mawe, nyekundu ya vumbi letu, lakini hakuna mahali palipokunjwa wala palipochomelewa upya.

Tulipotoka kuliendesha nilijua jambo limekwisha kabla ya kufika kona ya tatu. Klachi ilishika katikati ya njia ya mguu, gia ya pili na ya tatu ziliingia bila kukwaruza, nalo gari, kwa mwendo ambao baiskeli zilikuwa zikitupita penye foleni, lilikuwa hai mikononi. Nilishusha dola 250 kwa ajili ya silambloki, amotisa mbili za nyuma zilizokuwa zimeanza kuvuja na matairi yaliyokwisha, tukakubaliana 4,900.

Juu ya karatasi sitarefusha. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye bati na ile iliyo kwenye karti ya pinki, yaani kadi ya usajili wa gari, herufi kwa herufi. Hakikisha karatasi za forodha zipo na jina la anayekuuzia ndilo lililoandikwa. Malizia siku hiyohiyo hati ya mauzo mbele ya mashahidi, kisha bima, vinyeti (stika ya kodi ya gari) na ukaguzi wa gari. Gari lisilo na karatasi kamili litakusimamisha kwenye kila mzunguko wa barabara, na gari la manjano huonekana mbali.

Jambo lililoniletea faida kubwa kuliko yote baada ya kununua ni matairi. Swift Sport ilitoka kiwandani na matairi ya 195/50 kwenye janti za inchi 16. Ukuta wa tairi hilo una milimita 97 na nusu, na penye shimo lenye ukingo mkali, janti hukutana na lami. Nilitaka kushuka hadi inchi 15 na tairi la 185/60: ukuta wake una milimita 111, na kipenyo chote kinatofautiana na kile cha asili kwa chini ya milimita 2, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi na gari halibadiliki kimo. Wengi hudhani wanaweza kuchukua janti za Swift ya kawaida. Haziingii. Swift ya kawaida inafungwa kwa nati nne, Swift Sport kwa nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3. Nilitafuta wiki sita hadi nikapata janti nne za chuma za inchi 15 zilizotoka kwenye Suzuki SX4, ambazo zina mpangilio uleule wa nati. Hazina uzuri wa zile za asili, nazo za asili nimezihifadhi chumbani nikiwa nimezifunga kwa magunia, lakini milimita 13 na nusu za mpira na hewa zimeokoa mgongo wangu, amotisa zangu na pengine ndoa yangu na gari hili. Usukani umepoteza ukali kidogo. Nimekubali.

Usukani wa kulia ni jambo la kuzungumza kwa uzito. Nchini kwetu Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya Ujapani yametengenezwa kwa upande wa kushoto. Mjini unazoea baada ya siku kumi. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori lililobeba shaba, dereva wa usukani wa kulia haoni kinachokuja mpaka atoe karibu gari zima nje ya mstari, na gari dogo lenye nguvu ya kujaribu humshawishi kutoa. Mimi nimejiwekea sheria: ninaacha nafasi kubwa nyuma ya lori ili niione barabara kwa mbali kupitia kushoto kwake, na nisipoona sipiti, hata nikikaa nyuma yake hadi Likasi. Nikiwa na mke wangu pembeni, yeye ndiye anayeona kabla yangu, lakini sijawahi kumwomba aamue, kwa kuwa mguu ulio kwenye mafuta ni wangu.

Kuhusu ulaji wa mafuta, ninapata karibu lita 8 kwa kilomita 100 nikichanganya mji na safari. Injini hii imebanwa kwa uwiano wa 11.1 kwa 1, na Suzuki waliitengeneza kwa petroli ya daraja la juu, hivyo inachagua inachokunywa. Ninajaza kituoni, katika vituo viwili ninavyovijua, na sinunui kwa kadhafi, muuza petroli ya chupa kando ya barabara, isipokuwa nimekwama kabisa. Si dharau kwao, ni watu wanaotafuta mkate, lakini hakuna ajuaye chupa ile ilikaa wapi na ilichanganywa na nini. Ninapopanda mlima katika gia ya juu nikisikia mlio mkavu kama changarawe ndani ya kopo, ninashusha gia, ninapunguza mguu, na tangi linalofuata ninalijaza kituo kingine. Vumbi ni adui wa pili. Kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu huingia kila mahali, na nilikuta aliyeniuzia gari amerudisha boksi la filta la kiwandani badala ya lile koni la wazi ambalo wapenda sauti hulifunga. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa bei. Oili ninabadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na filta, na filta ya hewa ninaifungua kila ninapomwaga oili.

Nyumbani gari lilikubaliwa polepole. Mama wa watoto alisema ni gari la kijana asiyeoa. Milango minne ya kupandia ilisaidia, kwa sababu Swift Sport iliyouzwa Ujapani kizazi kile ina milango mitano ukihesabu wa nyuma, tofauti na ile ya Ulaya yenye mitatu. Buti ni dogo, hilo silifichi: magunia mawili ya unga wa kilo 25 yanaingia yakilala, na mfuko wa makala, yaani makaa ya kupikia, lazima ukae mahali pengine. Siku ya makala ninamlipa mwenye mkokoteni.

Yapo masaa yake. Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka kanisani, barabara huwa tupu kwa dakika ishirini, na ninazunguka mji na kurudi, sipiti kilomita 60, madirisha wazi, gia ya pili, ya tatu, ya pili tena, nikiongeza mguu kidogo ninapotoka kwenye kona kiasi cha kusikia mabomba mawili ya nyuma yakiongea. Binti yangu wa miaka tisa amejifunza kutambua kwa sikio lini nitabadilisha gia, na huinua kidole sekunde moja kabla.

Wiki iliyopita mlio ule mdogo ulirudi, safari hii upande wa kulia. Yaya ameshika tairi juu na chini, ametikisa, amenitazama, nami nimelala chini bila kuambiwa. Silambloki imetoka Ndola, imefika Kasumbalesa jana na basi, na Jumamosi saa mbili asubuhi tutaifunga.